Mbuzi Wengi wa Daftarini

Wiki mbili zilizopita mzazi mmoja aliniletea kibuyu cha maziwa shuleni, kunishukuru kwa kuwa mwanawe sasa anasoma bila kukwama. Nilikifungua pale pale ofisini. Moshi ukanipanda puani kabla sijayaona maziwa yenyewe. Kama hamjawahi kuinusa harufu hiyo, ngoja niwaeleze: kwetu kibuyu kikishaoshwa hutiwa vijinga vya moto ndani, kikafunikwa na kutikiswa mpaka moshi ukolee, na maziwa yatakayokaa humo hunukia moto na kuwa na uchungu kidogo kwa mbali. Walimu wenzangu waliotoka bara walikunja pua. Mmoja akauliza kama maziwa yameungua. Mimi nilisema nina mafua, nikakibeba kibuyu nikaenda kukaa nyuma ya darasa la saba, mwanamke mzima wa miaka arobaini, nikijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Sikuwa na mafua. Nilikuwa na haya, haya ya zamani ambayo nilidhani imeshakauka. Mficha uchi hazai, wanasema watu wa pwani, nami huu wangu nimeuficha vya kutosha. Acheni niwasimulie.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami niko darasa la nne katika shule moja ya msingi mjini Garissa. Hatukuwa watu wa mjini. Aabo, baba yangu, alikuwa mfugaji upande wa Modogashe mpaka ukame ulipopita ukamfagilia zizi. Tulishuka mjini na mbuzi waliosalia, tukajenga ukingoni nyumba ya fito na mikeka, na mikebe ya mafuta ya msaada iliyofumuliwa na kunyooshwa kwa jiwe ikawa mlango. Wakati wa kisa hiki mbuzi walikuwa wamebaki watatu. Adey alikuwa jike mweupe aliyekamuliwa. Alikuwa na mwanawe. Halafu kulikuwa na kizee kimoja chenye pembe moja, hakizai wala hakinenepi, ambacho sisi watoto tulikiita Ayeeyo, yaani Nyanya, mpaka siku Ayeeyo wa kweli, mama yake Aabo, alipokuja kututembelea akatusikia.

Nyumba yetu ilimtegemea Adey. Mdogo wangu Yusuf alikuwa na miezi minane, Hooyo, mama yetu, alikuwa ameugua mpaka maziwa yake yakakatika, na kile kikombe kimoja na nusu cha Adey, asubuhi na jioni, kilikuwa cha Yusuf peke yake. Sisi wengine tuliachiwa harufu. Kazi yangu ilikuwa kushika kibuyu wakati wa kumimina, na kila nikimaliza nilikuwa nikiweka pua mdomoni mwa kibuyu nikavuta pumzi ndefu, kana kwamba moshi nao unashibisha.

Aabo alipata kibarua katika soko la mifugo. Aliwafunga na kuwaswaga mbuzi wa watu kutwa nzima, akarudi jioni na vumbi lao kichwani.

Kuna jambo moja lazima mlijue, la sivyo hamtaelewa kwa nini mambo yalienda yalivyoenda. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Mtu haulizi, "Mna mbuzi wangapi?" na akiuliza, hajibiwi. Mali iliyotajwa idadi imeitiwa jicho. Tulifundishwa tangu tunatambaa: ukiulizwa sema, "Wapo, alhamdulillahi," basi. Mwenye mia tatu atasema wapo, na mwenye watatu atasema wapo, na wote wawili watasema kwa sauti ile ile na uso ule ule. Huwezi kumjua tajiri kwa maneno yake.

Akaja Mwalimu Mutiso. Alikuwa kijana kutoka Machakos, mrefu, mwenye shati jeupe ambalo kufikia saa nne lilikuwa limegeuka rangi ya mchanga. Alitufundisha Kiingereza kwa bidii ya mtu ambaye hajui kama joto lipo. Wiki ile alikuwa akitufundisha yale maneno madogo yanayokaa mbele ya majina na kuonekana mapacha: "much" na "many," "some" na "any," "few" na "a few." Hayo mawili ya mwisho yalitutoa jasho. Yote ni machache, sasa tofauti iko wapi?

"Sikilizeni," alisema, akachora ubaoni wanaume wawili, kila mmoja na mbuzi wake watatu waliofanana zaidi na panya. "Huyu analalamika. Anasema, 'I have few goats,' yaani ni kama hana kitu. Huyu wa pili anashukuru. Anasema, 'I have a few goats.' Anao, wanamtosha. Mbuzi ni wale wale watatu. Tofauti ni moyo wa mwenyewe."

Mimi nilielewa mara moja. Sijisifu, au najisifu kidogo: nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiingereza, na niliona raha kwamba lugha ya wazungu ina maneno ya kutaja mali bila kuihesabu. Nilidhani nao huogopa jicho.

Kisha akatupa kazi. Kila mmoja aandike sentensi tano kuhusu kwao akitumia maneno hayo.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: "We have a few goats." Ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kwa Mwalimu, na ingekuwa sahihi kwa Aabo kama angejua kusoma. Halafu nikatupa jicho kwenye daftari la Fardosa.

Fardosa nilikaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye nyumba ya mawe na lori, na Fardosa mwenyewe alivaa viatu vyeusi na soksi. Alikuwa ameandika, "My father has many goats." Hakuwa anaringa, maskini, alikuwa anasema ukweli. Nikatazama miguu yangu, nikatazama sentensi yangu. Nikachukua kifutio nikafuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na juu ya pale palipofutwa nikaandika: "My father has many goats."

Uongo haukai peke yake, unaita ndugu zake. Nikaongeza, "Every goat is fat." Nikaongeza kuwa tuna ngamia kadhaa, sisi ambao ngamia tulimwona akipita. Na sentensi ya tano, ile inayonichoma mpaka leo, nilihitaji mahali pa kuliweka neno "any" ili ionekane nimeelewa somo lote. Nikaandika, "We do not need any milk."

Mwalimu Mutiso aliweka alama nyekundu tano za vyema na kuandika chini kwamba kazi ni nzuri sana. Nilienda nyumbani nikitembea kama mtoto wa mwenye lori.

Haikupita wiki, mwalimu mkuu akatangaza siku ya wazazi. Mgeni rasmi angekuja, na mgeni halishwi hotuba tupu. Shule iliomba wazazi wenye uwezo watoe mbuzi, na kila mwalimu wa darasa akaambiwa atafute mzazi mmoja au wawili. Mwalimu Mutiso alikuwa mgeni, hakujua nani ana nini, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Wapo, alhamdulillahi." Masikini akafanya ambalo mtu yeyote wa kwao angefanya. Akafungua madaftari yetu.

"Saadia," aliniambia siku hiyo kabla ya kengele, "jioni nitapita kwenu kuwasalimia wazazi."

Nilielewa hapo hapo. Msije mkanionea huruma kwa kudhani sikuelewa. Nilikuwa na safari nzima ya kurudi nyumbani ya kufikiria, nikawa na alasiri nzima ya kumwambia Hooyo, na Aabo aliporudi kutoka sokoni nilimmiminia maji ya kutawadha kwa mikono yangu hii, nikiwa nimebeba maneno kinywani kama mtu aliyebeba kaa la moto. Nilichomwambia ni kwamba Mwalimu anakuja. Akafurahi. Akavaa shati lake moja zuri.

Mwalimu alifika na madaftari matatu kwapani, langu likiwa juu. Aabo alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwalimu, karibu. Kaa habo kwa mkeka. Shule iko fizuri? Mtoto yangu iko fizuri?"

Hapo ndipo mwili wangu ulipowaka. Kiswahili cha Aabo kilikuwa cha sokoni, na siku zote kilikuwa kimenitosha. Siku ile, mbele ya shati jeupe la Mwalimu, kila "fizuri" iliniingia kama mwiba. Nilitaka anyamaze. Niliona miguu yake iliyopasuka visigino, na macawis yake, lile shuka la kiunoni, iliyoshonwa mara mbili mahali pamoja, nikatamani Mwalimu aangalie pembeni.

Hooyo alileta chai. Ilikuwa na maziwa. Nilijua ni ya nani.

Mwalimu alikunywa, akashukuru, akaeleza habari ya mgeni rasmi. Aabo alisikiliza akitikisa kichwa. Ayeeyo mwenye pembe moja alipita nyuma ya nyumba akatafuna kipande cha gunia, na Mwalimu akamtazama akidhani, nafikiri, kuwa wale wengine wako malishoni.

"Kwa hivyo mzee, mbuzi wapo?" aliuliza.

"Wako, alhamdulillahi," Aabo akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote.

"Ndiyo, hata Saadia ameandika." Mwalimu akafungua daftari langu, akasoma sentensi zote tano kwa Kiingereza, kwa fahari, kisha akazitafsiri moja moja kwa Kiswahili. Baba yangu ana mbuzi wengi. Kila mbuzi ni mnene. Mpaka ile ya mwisho: hatuhitaji maziwa yoyote.

Ndani, Yusuf alikuwa akilia.

Aabo alinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimelishika lile bati la mlango mpaka linanikata kidole. Hakukunja uso. Alinitazama kama mtu anayemsoma mnyama sokoni, taratibu, kuanzia kwato mpaka jicho. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Kama mtoto ya shule ameandika kwa daftari," alisema, "basi iko hifyo. Shule ni yetu. Mbuzi utabata."

Alfajiri ya siku ya pili aliondoka na Adey na mwanawe. Mbuzi anayekamuliwa hachinjiwi mgeni, hilo hata mtoto analijua, wala huwezi kumpelekea mgeni rasmi kizee cha pembe moja. Alienda kubadilishana. Alirudi na dume lililohasiwa, jekundu, lenye shingo nene, akalifunga kwenye ua wetu. Lililala pale usiku mmoja tu. Ilibidi wanafunzi waliotumwa kulichukua walikute kwetu, limefungwa kwa kamba yetu, likila majani yetu, kama mmoja wa wengi.

Hooyo alichukua kikombe cha bati, akanipa. "Nenda kwa kina Fardosa," alisema. "Waambie Hooyo anawasalimu, anaomba maziwa ya mtoto."

Ninyi mnaojua kuomba mnajua kuwa kikombe kitupu ni kizito. Fardosa ndiye aliyenifungulia. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, na mtoto yule ambaye hakuwa na ubaya wowote aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani mbuzi wenu wengi wamekauka wote?"

"Wapo, alhamdulillahi," nikasema.

Mama yake alinijazia kikombe mpaka juu. Nilitembea nacho polepole nisimwage, na nilikwenda hivyo kila jioni, sijui kwa muda gani, mpaka Yusuf alipoanza kula uji mzito na kupona wembamba wake. Maziwa yale hayakuwa na moshi. Kibuyu chetu kilitundikwa juu, na harufu ikatoka humo kidogo kidogo mpaka kikabaki kinanuka vumbi.

Siku ya wazazi Aabo alikalishwa kiti cha mbele, pamoja na baba yake Fardosa na wengine waliotoa. Jina lake lilisomwa, watu wakapiga makofi, naye akainuka nusu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu atakayeambiwa ahame. Baadaye nikaitwa mimi. Mwanafunzi bora wa Kiingereza, darasa la nne. Nilipewa kalamu mbili na daftari jipya. Wasomaji wangu, sijawahi kubeba kitu cha aibu kuliko daftari lile. Pilau ilipogawiwa nilipata kipande cha nyama chenye mfupa, nikakitafuna, nikashindwa kukimeza. Nilikitema kwenye kiganja nikakifukia mchangani nyuma ya choo, na hata hilo nalo lilikuwa dhambi, chakula kutupwa.

Aabo hakunipiga. Hakunitajia jambo hilo kamwe. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini yangu aliirefusha yeye kwa mikono yake, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba alifanya hivyo kuniokoa na kiboko cha Mwalimu.

Niliajiriwa ualimu nikiwa mtu mzima, na alasiri nilipopata barua ya kupangiwa shule nilimwendea Aabo nyumbani. Alikuwa mzee, ameketi kivulini mwa ukuta akisugua meno kwa mswaki wa mti. Nilimsomea barua, akaniombea dua ndefu. Moyo wangu ukalegea, nikasema kwa lugha yetu, "Aabo, nilidanganya kwenye lile daftari."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hukudanganya. Mwenye mbuzi mmoja hutoa mbuzi kwa shule?"

"Hatoi."

"Mimi nilitoa. Basi nilikuwa na wengi." Akatema nyuzi za mswaki pembeni. "Daftari lilikuwa limeshaandikwa, Saadia. Mimi sijui kufuta maandishi. Nilichoweza ni kulifanya liwe kweli."

Punda wa maji alipita na mapipa yake. Kisha Aabo akaniuliza, bila kunitazama, swali ambalo nadhani alilibeba tangu jioni ile.

"Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa ukionea haya uchache wa mbuzi, au ulikuwa ukinionea haya mimi?"

Nilikuwa mwalimu mwenye barua mkononi. Nilikumbuka "fizuri" na visigino vyake na jinsi nilivyotaka anyamaze mbele ya shati jeupe.

"Mbuzi, Aabo," nikasema. "Mbuzi tu."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ile ile na uso ule ule ambao mwenye mia tatu na mwenye watatu huwa nao.

Mwaka uliofuata alitangulia mbele ya haki. Mimi nafundisha darasa la nne, na kila mwaka nafika kwenye yale maneno mapacha. Natumia kokoto, natumia vifuniko vya soda. Siwaambii watoto waandike habari za kwao. Wakiniuliza tofauti ya "few" na "a few" nawaambia alivyotuambia Mwalimu Mutiso, kwamba ni moyo wa mwenyewe, na ninapolisema hilo huwa nageukia ubao.

Nilipokuwa mtoto nilidhani Aabo alilipa kwa ajili ya uongo wangu kuhusu mbuzi. Sasa najua kwamba pale mkekani, Mwalimu alipokuwa akitafsiri, yeye alisikia sentensi ya sita, ambayo sikuiandika: kwamba binti yake anatamani baba mwingine. Akatoa maziwa ya mwanawe kuwa baba huyo kwa siku moja. Aliponiuliza kama alisikia vizuri, nilimdanganya mara ya pili, na uongo huo wa pili hakuishi vya kutosha kuugeuza kuwa kweli.

Kile kibuyu cha mzazi nilikimaliza peke yangu, nyuma ya darasa la saba. Maziwa yalikuwa mazuri sana.